Jeshi la plastiki linalotajirisha mji wa Nottingham

MEZANI kuna taa, kikombe cha maji, kitambaa kikuukuu na askari wa plastiki mwenye urefu wa sentimeta tatu hivi. Mtu mzima, mwenye kazi na familia yake, ameinama akimpaka askari huyo rangi kwenye mboni za macho kwa brashi yenye ncha nyembamba kama sindano. Akimaliza huyo, wengine 59 wanamsubiri. Hachezi na mtoto. Anaandaa jeshi lake kwa ajili ya mchezo wa Jumamosi, na ukijumlisha visanamu, magari ya vita, rangi na vitabu vya kanuni, jeshi hilo limemla fedha ambazo huku kwetu zingenunua mbuzi wa maziwa wanne au watano.

Mambo haya ni ya kawaida Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia. Anayefaidika nayo zaidi ni kampuni moja ya mji wa Nottingham, katikati ya Uingereza, iitwayo Games Workshop, ambayo huuza visanamu vya mchezo wa vita wa mezani uitwao Warhammer. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1, 2025, mapato yake yalizidi paundi milioni 600, na faida kabla ya kodi ilizidi paundi milioni 260. Yaani katika kila paundi 100 zilizoingia, zaidi ya 40 zilibaki. Wenye viwanda wengi hushukuru wakibakiwa na 10.

Desemba 2024 kampuni hiyo iliingia katika orodha ya FTSE 100, yaani kampuni 100 kubwa zaidi katika Soko la Hisa la London, ikakaa safu moja na mabenki na makampuni ya mafuta na madini. Mwanzoni mwa 2016 hisa yake moja haikufika paundi 6. Ilipoingia katika orodha hiyo ilikuwa imevuka paundi 100.

Swali ambalo mfanyabiashara yeyote angeuliza ni hili: plastiki gani hiyo?

Ilianza na mbao za bao

Plastiki yenyewe ni ya kawaida kabisa, polistireni, ndugu wa ile ya vikombe vya kutupa. Kilo moja ya malighafi yake ni dola chache tu. Sanduku la askari 10, ambao kwa pamoja hawafiki hata robo kilo, huuzwa zaidi ya paundi 30, ambazo ni kama shilingi laki moja za Tanzania. Mkulima wa korosho anayeuza ghafi kisha akaziona zikiwa zimebanguliwa na kutiwa chumvi katika duka la uwanja wa ndege anaijua tofauti hiyo. Hapa tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu anayenunua hanunui plastiki. Ananunua umbo, hadithi yake, na ruhusa ya kulitumia umbo hilo katika mchezo.

Kampuni haikuanza hivyo. Mwaka 1975 vijana watatu wa London, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, walianza kuuza michezo. Peake alikuwa hodari wa kazi ya mbao, na bidhaa zao za kwanza zilikuwa mbao za michezo ya kale zilizotengenezwa kwa mkono: backgammon, Go, na mankala, ule ukoo wa michezo ya mashimo na kete ambamo bao letu la pwani limo. Mwaka huo huo waliagiza kutoka Marekani nakala sita za mchezo mpya wa Dungeons & Dragons, na kwa nakala hizo sita wakapata haki ya kuusambaza Ulaya. Peake hakuupenda mwelekeo huo, akajitoa. Wawili waliobaki walifika mahali pa kulala ndani ya gari kwa kukosa kodi ya nyumba. Duka lao la kwanza lilifunguliwa Hammersmith mwaka 1978.

Mageuzi yalikuja 1979, walipoanzisha pamoja na Bryan Ansell kiwanda kidogo cha visanamu vya chuma, Citadel Miniatures, katika mji wa Newark. Ansell alikuwa na tatizo ambalo kila muuzaji analo. Mchezaji wa Dungeons & Dragons anahitaji kisanamu kimoja cha kumwakilisha yeye na vichache vya maadui. Akishavinunua, harudi dukani. Mwaka 1983 likapatikana jibu: kitabu cha kanuni za mchezo wa Warhammer, ambamo kila mchezaji anaongoza jeshi zima. Ni kama muuza mbegu aandike kalenda ya kilimo inayomtaka kila mkulima apande ekari kumi. Mwaka 1987 ikafuata Warhammer 40,000, vita ya zama zijazo, ambayo leo ndiyo inayouza kuliko yote.

Ufundi wenyewe ni wa zamani zaidi. Maofisa wa jeshi la Prussia walikuwa wakifundishana vita mezani kwa ramani na dadu tangu miaka ya 1820. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London iligundua namna ya kumimina madini ya risasi yaliyoyeyuka ndani ya kalibu na kuyamwaga kabla ya kati hakujaganda, ikapata askari mwenye uwazi ndani, mwepesi, aliyetumia madini kidogo. Kwa hesabu hiyo tu, Britain aliweza kushindana na Wajerumani waliokuwa wameshika soko. Mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kuchezea askari hao mwaka 1913, mwaka mmoja kabla ya vita yenyewe kuja.

Kalibu ndiyo shamba

Visanamu vya chuma vya miaka ya 1980 vilitengenezwa kwa kalibu za mpira zilizozungushwa kwa kasi ili madini yaingie hadi kwenye vidole. Kalibu ya mpira ni rahisi kutengeneza lakini huchakaa haraka. Siku hizi sehemu kubwa ni plastiki: chembechembe huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma cha pua, kisha hutoka fremu yenye vipande vimeshikana, huku mguu, huku kichwa, huku upanga. Kalibu moja ya aina hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya paundi. Lakini ikishalipiwa hudumu miaka mingi, na fremu inayotoka humo gharama yake ni ndogo mno. Kwa hiyo kila kitu kinategemea idadi. Anayeuza fremu elfu moja anafilisika, na anayeuza laki moja anajenga kiwanda kingine.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba kazi hiyo imebaki Nottingham. Wachongaji, wachora picha, waandishi wa kanuni na mashine viko mji mmoja, na bidhaa huuzwa katika maduka zaidi ya 500 ya kampuni yenyewe, mengi yakiwa na mfanyakazi mmoja tu, pamoja na kwa maelfu ya wenye maduka binafsi. Waliojifunza kazi hapo wametoka na kuanzisha kampuni zao jirani, zikiwemo Warlord Games na Mantic Games, hata wenyeji wa fani hii wakalipa eneo hilo jina la utani la Ukanda wa Risasi, kwa kumbukumbu ya madini ya zamani. Ni hadithi ile ile ya mafundi samani wa Keko au wachonga vinyago wa Mwenge: fundi humfuata fundi, na mteja humfuata aliko fundi.

Kampuni haikukosa majeraha. Mwaka 2001 ilipotoka filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings, ilikuwa na leseni ya visanamu vyake, na mauzo yakapaa. Filamu ya tatu ilitoka Desemba 2003. Baada ya hapo watoto wakageukia mambo mengine, mauzo yakashuka, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kupunguza watu na kufunga mikanda. Wakulima wa vanila wa Kagera na Uganda wanaikumbuka miaka hiyo hiyo kwa sababu yao wenyewe: 2003 bei ilikuwa ya ajabu, wengi wakang'oa migomba, na muda si mrefu vanila ikakosa mnunuzi.

Kazi ya mikono

Mwenye sanduku jipya hana askari bado. Ana fremu. Anakata kila kipande kwa koleo dogo, anakwangua kwa mgongo wa kisu ule mstari mwembamba ulioachwa na kalibu, kisha anaviweka pamoja bila gundi aone kama vinakaa. Gundi ya plastiki si gundi hasa, maana huyeyusha kidogo kuta mbili zikawa ukuta mmoja, na ukikosea hakuna kurudi. Chuma na rezini haviyeyuki kwa gundi hiyo, hivyo huhitaji supaglu. Mkono mzito wa chuma hautashikwa na supaglu peke yake. Hutobolewa tundu la milimita moja kila upande, ukapitishwa waya katikati. Wengi hutumia pini ya karatasi za ofisini.

Hapo ndipo starehe ya kubadilisha inapoanza. Kichwa cha sanduku hili huwekwa kwenye kiwiliwili cha sanduku lile. Pikipiki hukatwa na kuunganishwa na mkokoteni. Mapengo huzibwa kwa udongo wa epoksi wa sehemu mbili, bluu na njano, ambazo zikikandwa pamoja huwa kijani na kumpa fundi saa moja au mbili kabla haujakauka. Kifaa cha kufinyangia lazima kilowe maji, la sivyo udongo unashika kifaa badala ya kisanamu. Kwa udongo huo watu hutengeneza majoho, manyoya, ndevu, hata uso mzima.

Wengine huficha sumaku ndogo za milimita mbili au tatu ndani ya bega na ndani ya mkono, ili silaha ziweze kubadilishwa. Huo si urembo tu. Kanuni hubadilika kila baada ya miaka michache, na silaha iliyokuwa bora mwaka jana yaweza kuwa dhaifu mwaka huu. Aliyegandisha mkono kwa gundi atanunua sanduku jingine, lakini mwenye sumaku anabadilisha mkono tu. Kwa akiba ya namna hii sumaku ya senti chache huokoa paundi 30, mradi tu mtu akumbuke kuzipanga ncha zake vizuri, kwani zikigeuzwa mkono unaruka badala ya kushika.

Rangi ina utaratibu wake. Kwanza andakoti, nyeusi au nyeupe. Kisha rangi ya msingi, iliyopunguzwa kwa maji, mikono miwili myepesi badala ya mmoja mzito, maana rangi nzito huziba mikunjo ya nguo na sura ya askari hupotea. Baadaye hupitishwa maji ya rangi ya giza yanayotiririka na kutulia kwenye mabonde, ndipo kivuli kinapatikana chenyewe. Mwisho brashi iliyokaushwa karibu kabisa hupapaswa juu ya vilima ili ving'ae. Kitako hupakwa gundi nyeupe ya mbao na kunyunyiziwa mchanga, na kipande cha gome hugeuka jabali. Tangu 1987 kampuni imekuwa na mashindano ya kupaka rangi yaitwayo Golden Demon, na wapo wanaotumia miezi kwa kisanamu kimoja cha mashindano hayo.

Si wote wanaopenda majitu ya zama zijazo. Wapo wa historia, na hapo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushtuka. Kampuni ya Wargames Foundry huuza visanamu vya Afrika ya karne ya 19: askari, rugaruga, na watu wa misafara ya Zanzibar. Mzungu anayewapaka rangi humlazimu kusoma ili ajue kilemba kilikuwa rangi gani. Hata hivyo, inatia wazo kwamba misafara iliyopita Tabora na Ujiji inauzwa kwa pakiti, na hapa kwetu hakuna anayepata senti kwa kuichonga, ingawa wachongaji wako tele.

Siku kanuni zilipofutwa

Mwenye jeshi husema ni mali yake, na kweli amelinunua. Lakini thamani yake iko mikononi mwa mwingine, na mwaka 2015 hilo lilionekana wazi. Games Workshop ilifuta mchezo wake wa asili, ule wa 1983, ikaleta mwingine uitwao Age of Sigmar. Mchezo wa zamani ulipanga askari safu kwa safu juu ya vitako vya mraba. Mpya ulikuja na vitako vya mviringo. Baadhi ya majeshi yaliachwa kabisa kutengenezwa. Watu waliokuwa wamekusanya na kupaka rangi kwa miaka 20 walijikuta na jeshi lisilo na mchezo. Wengine waliuza kwa hasira, kwa bei ya kutupa. Wengine waliketi kung'oa vitako, kimoja kimoja. Wengine waliendelea kucheza kwa vitabu vya zamani, na hakuna aliyewakamata.

Walionunua mtumba wakati huo walifanya biashara nzuri, kwa sababu kisichotengenezwa tena hupanda bei. Lakini Januari 2024 kampuni ikaurudisha mchezo wa safu kwa jina la The Old World, ikianza na majeshi mawili yaliyokuwa yameachwa, Bretonnia na Tomb Kings, na visanamu kadhaa vya zamani vikarudi dukani kutoka kalibu zile zile. Aliyekuwa ameficha masanduku akingoja bei ipande zaidi aligundua kwamba anashindana na mwenye kalibu, na katika shindano hilo mwenye ghala la nyumbani hana nguvu.

Soko la mtumba lina sheria zake nyingine, ambazo mgeni huziona kinyume. Kilichomo bado kwenye fremu, hakijaguswa, huuzwa ghali kuliko kilichounganishwa. Kilichopakwa rangi vibaya hushuka, kwa kuwa mnunuzi anahesabu spiriti na muda wa kuisugua rangi hiyo itoke. Kilichobadilishwa kwa ustadi mkubwa hupata mnunuzi wake, lakini ni mmoja na humsubiri. Kilichobadilishwa kwa ustadi wa kawaida huwa cha vipuri tu.

Wadogo nao walitaka sehemu yao. Kampuni ya Marekani, Chapterhouse Studios, ilitengeneza mabega, vichwa na silaha za kubandika kwenye visanamu vya Games Workshop, kama fundi anayetengeneza vipuri vya trekta la kampuni nyingine. Ilishtakiwa Desemba 2010 huko Chicago. Mwaka 2013 baraza la mahakama liliwapa Games Workshop ushindi katika baadhi ya madai na kuwanyima mengine, kwa fidia ya dola 25,000, fedha ndogo ukilinganisha na miaka mitatu ya mawakili. Baada ya hapo wachezaji waliona mabadiliko mawili. Kanuni za silaha au viumbe ambavyo kampuni haijavitengeneza zilianza kutoweka vitabuni, ili asipatikane mtu wa kujaza pengo. Na majina ya kawaida yakapewa majina ya kubuni: Imperial Guard wakawa Astra Militarum, Eldar wakawa Aeldari. Neno la kila mtu haliwezi kumilikiwa, la kubuni linaweza.

Tishio la sasa ni printa ya 3D inayotumia rezini. Kwa dola mia kadhaa mtu anaichapa mezani kwake, na faili la kisanamu ananunua kwa mchongaji anayejitegemea, au analiiba. Rezini ina mvuke usiofaa chumbani, kila kipande lazima kioshwe na kukaushwa kwa taa, na vingine huharibika katikati. Mpaka sasa hesabu za Nottingham hazionyeshi kuumia, pengine kwa sababu mnunuzi mwingi hataki kiwanda chumbani, anataka sanduku.

Kipato cha mwenye brashi

Baada ya mwenye kalibu na mwenye duka, kuna tabaka la tatu: wanaolipwa kupaka rangi majeshi ya watu wenye fedha wasio na muda. Wapo Ulaya na Marekani, na kwa miaka mingi zimekuwepo karakana Sri Lanka zinazopokea visanamu kwa posta kutoka nchi tajiri, kuvipaka na kuvirudisha.

Hesabu yake ni rahisi kuifanya kabla ya kuitamani. Tuseme kisanamu kimoja cha kiwango cha kawaida kinachukua saa mbili. Jeshi la visanamu 60 ni saa 120, yaani siku 15 za kazi za saa nane, bila kuhesabu kukata, kukwangua na kuunganisha. Mteja akilipa paundi 300, fundi amepata paundi mbili na nusu kwa saa, na bado hajanunua rangi wala kulipia posta ya kwenda na kurudi. Kwa fundi wa Nottingham hiyo ni chini sana ya kima cha chini cha mshahara wa nchi yake, ndiyo maana wengi huko hupaka jioni baada ya kazi nyingine. Kwa fundi wa nchi maskini fedha hiyo si haba, lakini kazi hulipwa kwa sifa, na sifa hujengwa kwa kupakia watu wa kwanza kwa bei ndogo. Ushuru wa forodha mzigo unapoingia na unapotoka, na askari watatu waliovunjika mikono njiani, ni juu ya nani? Walio katika kazi hiyo hupatana jambo hilo kwa maandishi kabla sanduku halijafungwa.

Wanaofanikiwa hawapaki kisanamu kimoja mpaka kikaisha. Hupanga 10 mezani, wakapaka viatu vyote 10, kisha mikanda yote 10, kisha ngao. Saa mbili hushuka kuwa saa moja na robo, na mteja hajui tofauti akiwatazama kutoka umbali wa meza.